Fiji ya saba au Fiji ya kumi na tano: ukiwa na nafasi ya kufuata moja, ufuate ipi?

Mdogo wangu alianza kuipenda Fiji usiku ule wa Julai 2024, Antoine Dupont, nyota wa Ufaransa, alipoingia uwanjani kipindi cha pili na Ufaransa ikaifunga Fiji 28-7 kwenye fainali ya raga ya wachezaji saba, ikachukua dhahabu ya Olimpiki ya Paris. Mpaka mapumziko walikuwa 7-7. Watu wengi huanza kuipenda timu ikishinda. Yeye aliipenda pale wachezaji walipokuwa wameinamisha vichwa. Tangu hapo hanipi nafasi. Juzi akaniuliza swali ambalo nimeulizwa na wengine pia: "Kaka, bando langu linabeba kitu kimoja tu kwa wiki. Nifuate Fiji ya raga ya saba au ile ya raga ya wachezaji kumi na tano?"

Jibu langu lilikuwa refu kuliko alivyotaka, kwa hiyo naliandika hapa kwa yeyote mwenye swali hilo.

Kwanza tuelewane. Kwa Wafiji raga haiko kwenye foleni moja na michezo mingine. Nchi ina visiwa zaidi ya 300, karibu 110 ndivyo vyenye watu, na wakazi wote hawafiki milioni moja. Kijiji kikishapata kanisa na kiwanja cha nyasi, jioni utawakuta watoto wanakimbizana na mpira. Mpira ukikosekana, chupa tupu ya plastiki inatosha. Kwa hiyo saba na kumi na tano ni mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Kiwanja ni kilekile, vipimo vilevile. Kinachobadilika ni idadi ya watu na muda, na hapo ndipo kila kitu kinapogeuka.

Saba: dakika kumi na nne za pumzi

Mechi ya saba ina vipindi viwili vya dakika saba. Wachezaji saba kila upande wanalinda kiwanja ambacho kwa kawaida kingelindwa na watu kumi na tano, kwa hiyo nafasi ni nyingi na kosa moja la kumkosa mtu ni trai, yaani mpinzani anauweka mpira chini nyuma ya mstari wako wa mwisho. Skramu, pale timu mbili zinaposukumana kugombea mpira, ina watu watatu kila upande badala ya wanane. Anayeshinda ni yule mwenye mbio, mwenye macho ya pembeni, na mwenye mikono inayoweza kutoa pasi hata akiwa anaelekea chini.

Hilo la mwisho ndilo alama ya Mfiji. Mtazame anapokabwa. Kwetu, na kwa timu nyingi, mchezaji akikamatwa kiunoni anajikunja aulinde mpira aanguke nao. Mfiji anaunyanyua juu kwa mkono mmoja, kama mtu anayeokoa kikombe cha chai kisimwagike, halafu anautupia nyuma ya bega bila kutazama, na mwenzake tayari yupo pale. Wanaotazama kwa mara ya kwanza hudhani ni bahati. Angalia mechi tatu mfululizo utagundua kwamba yule mwenzake alianza kukimbia kabla mwenye mpira hajakabwa.

Aliyeifanya dunia itambue jambo hili ni Waisale Serevi, mtu mfupi aliyeonekana kama anatembea huku wengine wanakimbia. Fiji ilitwaa Kombe la Dunia la raga ya saba mwaka 1997 na tena 2005, mara zote mbili Hong Kong, na Serevi akiwemo. La tatu likaja Cape Town mwaka 2022, walipoifunga New Zealand 29-12.

Lakini siku ambayo nchi nzima ilisimama ni tarehe 11 Agosti 2016 kule Rio. Miezi sita kabla yake, Februari, Kimbunga Winston kilikuwa kimepiga visiwa hivyo na kuua watu 44. Kocha Mwingereza, Ben Ryan, alikuwa amewakimbiza vijana wake kwenye vilima vya mchanga vya Sigatoka mpaka miguu ikakataa. Fainali ilikuwa dhidi ya Uingereza, watawala wao wa zamani. Mapumziko yalifika Fiji ikiongoza 29-0. Mwisho ukawa 43-7. Hiyo ndiyo medali ya kwanza ya Olimpiki ambayo Fiji iliwahi kupata katika mchezo wowote, na ikawa ya dhahabu. Wachezaji wakapiga magoti mmoja mmoja mbele ya Binti Mfalme Anne kuvishwa medali zao, kwa sababu kwao ndivyo mtu anavyopokea kitu kutoka kwa mkubwa. Mtu wa pwani au wa bara aliyelelewa kupokea kwa mikono miwili akiwa ameinama kidogo hahitaji kuelezwa maana yake.

Mwaka uliofuata Benki Kuu ya Fiji ikatoa noti ya dola 7. Sijui noti nyingine ya saba ninayoipenda kama hii. Mbele yupo nahodha Osea Kolinisau na mpira wake. Nyuma yupo Ben Ryan pamoja na kikosi. Kocha mgeni akapewa pia jina la kichifu na kipande cha ardhi huko Serua. Pale ambapo ardhi kubwa ni ya koo na haiuzwi, kumpa mgeni shamba ni neno zito kuliko medali.

Tokyo wakairudia dhahabu, 27-12 dhidi ya New Zealand, chini ya nahodha Jerry Tuwai, kijana wa mtaa wa Newtown pembezoni mwa Suva. Kufika Paris walikuwa hawajawahi kupoteza mechi hata moja ya Olimpiki. Ndiyo maana ile fainali ya Dupont ilimuuma mdogo wangu, na ilipaswa kumuuma.

Kumi na tano: dakika themanini za subira

Hapa Fiji si mfalme. Hapa Fiji ni mtu mwenye kipaji kikubwa na mfuko mdogo, na usipolikubali hilo tangu mwanzo utaumia bure.

Kumi na tano ni mchezo wa uzito. Wanaume wanane wanasukumana kwenye skramu, mpira wa nje unarushwa wakinyanyuana, nusu ya mechi inachezwa chini penye msongamano wa miili. Kwa haya unahitaji makocha wengi, madaktari, chakula cha mpango, mashine za mazoezi na miezi ya kukaa pamoja. Fiji kwa miaka mingi ilikutana wiki chache kabla ya mashindano, wachezaji wakitua kutoka Ufaransa, Uingereza, Australia na Japani, wengine wakiwa hata hawajawahi kucheza pamoja.

Halafu lipo la kuondokewa. Hesabu watu waliozaliwa Fiji wakachezea mataifa mengine: Joe Rokocoko na Sitiveni Sivivatu kwa New Zealand, Lote Tuqiri na Marika Koroibete kwa Australia, Noa Nakaitaci na Alivereti Raka kwa Ufaransa, Joe Cokanasiga kwa Uingereza. Simlaumu hata mmoja. Mshahara wa klabu ya Ufaransa unajenga nyumba ya wazazi na kusomesha ukoo mzima. Lakini jaribu kuwapanga hao wote kwenye kikosi kimoja chenye jezi nyeupe, uone kilichopotea.

Pamoja na hayo, wamefika robo-fainali ya Kombe la Dunia mara tatu: 1987, 2007 na 2023. Ya 2007 waliifikia kwa kuitoa Wales 38-34 pale Nantes, katika mechi ambayo waliongoza, wakapitwa, wakaongoza tena. Kocha wa Wales hakumaliza siku iliyofuata akiwa na kazi.

Ya 2023 ndiyo ninayotaka uitafute uitazame yote. Mwezi Agosti, kabla ya mashindano, waliifunga Uingereza 30-22 pale Twickenham, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea. Kisha tarehe 17 Septemba, Saint-Étienne, wakaifunga Australia 22-15, mara ya kwanza tangu 1954. Sasa tazama pointi zilivyopatikana, maana ndani yake kuna habari nzima. Trai ya Fiji ilikuwa moja tu, ya Josua Tuisova, pointi saba pamoja na mkwaju wa nyongeza. Pointi 15 zilitoka kwenye mikwaju mitano ya penalti. Penalti hizo zilizalishwa chini, kwenye msongamano, ambako Levani Botia aliinama juu ya mpira na Waaustralia wakashindwa kumng'oa. Botia aliwahi kuwa askari magereza kabla raga haijampeleka klabu ya La Rochelle, Ufaransa. Unaona tofauti? Watu wanaojulikana kwa chenga na pasi za mkono mmoja waliishinda Australia kwa kazi ngumu ya chini na kwa kupitisha penalti katikati ya nguzo. Kwangu mimi hiyo ilikuwa siku Fiji ya kumi na tano ilipobalehe.

Haikuwa njia nyoofu. Waliteleza kwa Ureno 24-23, wakapita hivyohivyo. Robo-fainali ikawakutanisha tena na Uingereza, pale Marseille. Walikuwa nyuma 24-10. Wakarudi mpaka 24-24 zikiwa zimebaki kama dakika kumi. Owen Farrell wa Uingereza akaudondosha mpira na kuupiga katikati ya nguzo, kisha akapitisha penalti, ikaisha 30-24. Nilibaki nimekaa pale pale, runinga ikiwa imeshahamia kwenye matangazo.

Kilichobadilisha mambo kina jina: Fijian Drua. Ni timu ya kulipwa iliyoingia ligi ya Super Rugby Pacific mwaka 2022. Msimu wa kwanza waliishi Australia kwa sababu ya korona, lakini waliporudi nyumbani, vijana wakapata kitu ambacho baba zao hawakukipata: kulipwa kucheza raga bila kupanda ndege kuhama. Tarehe 11 Machi 2023 waliwaleta Crusaders wa New Zealand, mabingwa wa ligi hiyo, kwenye joto la Churchill Park mjini Lautoka. Mechi ikafika mwisho kabisa Drua wakiwa nyuma kwa pointi mbili, ikapatikana penalti, Kemu Valetini akaupitisha. 25-24. Mwaka huo na uliofuata Drua wakafika robo-fainali ya ligi.

Ukiziweka ubavu kwa ubavu

Tuanze na bando, kwa sababu ndilo lililoleta swali. Mechi ya saba ni fupi, lakini mashindano ni ya siku mbili au tatu na Fiji hucheza mara kadhaa. Ukitaka kufuata vizuri utakesha na simu. Kumi na tano ni mechi moja kwa wiki, dakika themanini, na ukimaliza umemaliza. Drua wakicheza nyumbani Jumamosi saa tisa na nusu mchana, kwetu ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maana wametutangulia kwa saa tisa. Kwangu hiyo ni saa nzuri kuliko zote: chai ya kwanza, nyumba imetulia, hakuna wa kukuomba rimoti.

Kwa kuelewa mchezo, saba ni rahisi. Mtu asiyejua kanuni hata moja atafurahia ndani ya dakika tano. Kumi na tano inakutaka ujifunze kwa nini mwamuzi amepuliza, na mwanzoni atapuliza sana. Mpe mechi nne.

Kwa ushindi, saba haina mpinzani. Kama moyo wako hauwezi mateso, baki huko.

Kwa upande wetu wa Afrika Mashariki, hapa mizani inaelemea saba kabisa, na siwezi kujifanya sina upande. Tunakutana nao. Mwaka 2009 kule Dubai, kwenye robo-fainali ya Kombe la Dunia la raga ya saba, Kenya iliifunga Fiji 26-7. Tarehe 17 Aprili 2016, Singapore, Shujaa, timu ya Kenya ya saba, chini ya marehemu kocha Benjamin Ayimba, wakaifunga Fiji 30-7 kwenye fainali, duru ya kwanza ya mfululizo wa dunia Kenya kuwahi kuitwaa. Hiyo Fiji ndiyo ileile iliyokwenda kuchukua dhahabu Rio miezi minne baadaye. Mwaka 2018 wakatulipa mara mbili ndani ya wiki chache, fainali ya Vancouver 31-12 na ya Hong Kong 24-12. Ukifuata saba, basi, kuna siku utaitazama timu unayoipenda ikicheza na timu ya kwenu, na utajua moyo wako umelala wapi. Kwenye kumi na tano Kenya haijawahi kufika Kombe la Dunia, kwa hiyo utakuwa mgeni huru, unashangilia bila hofu ya kugombana na jirani.

Na ada zao uwanjani pia hazifanani. Kabla ya mechi ya kumi na tano wanacheza *cibi*, ngoma ya vita iliyoletwa kwenye raga mwaka 1939, Ratu George Cakobau alipoongoza msafara wa New Zealand na kurudi bila kufungwa. Ni ya kifua na mguu. Kwenye saba, picha inayobaki akilini ni ya baada ya mechi: duara, mikono mabegani, na wimbo wa dini kwa sauti nne bila kinanda. Wamesimama jasho linawatiririka, na sauti ya besi inaingia bila kuitwa. Aliyewahi kuimba kwaya atajua kwamba hilo halifundishwi wiki ya mashindano.

Mpaka kati ya michezo hii miwili nao si ukuta. Leone Nakarawa na Viliame Mata walikuwa kwenye dhahabu ya Rio, kisha wakawa washambuliaji wa mbele wanaoogopwa Ulaya. Nakarawa alichaguliwa mchezaji bora wa Ulaya mwaka 2018. Semi Radradra ana dhahabu ya Tokyo na alikuwepo siku ya Saint-Étienne. Ukianza na moja, majina yatakuvusha mpaka nyingine.

Usisahau dada zao

Ningetaka nafasi zaidi kwa hili. Fijiana, timu ya wanawake, walirudi na shaba ya raga ya saba kutoka Tokyo. Kwenye kumi na tano, Fijiana Drua waliingia ligi ya wanawake ya Australia mwaka 2022, wakaitwaa msimu wao wa kwanza bila kufungwa, wakaitwaa tena 2023. Wanatoka kwenye vijiji ambako msichana kucheza raga bado kunazua maneno. Ukiwa na bando la mechi ya pili, lielekeze kwao.

Na anayependa soka?

Kuna watakaosema raga si ya kwao. Basi ijue Fiji nyingine. Kati ya 1879 na 1916 Waingereza walipeleka huko Wahindi wapatao 60,000 kufanya kazi ya mkataba kwenye mashamba ya miwa. Ni mfumo uleule uliowaleta Wahindi kwetu kujenga reli kutoka Mombasa. Wajukuu wao ndio moyo wa soka ya Fiji. Mashindano ya wilaya, yaliyoanza 1938, hujaza viwanja kwa ushabiki wa Ba, Lautoka, Suva na Labasa ambao mtu wa Simba na Yanga au wa Gor na Ingwe atautambua bila mkalimani. Mchezaji wao mkubwa ni Roy Krishna wa Labasa, mfungaji bora wa ligi ya Australia msimu wa 2018/19. Timu ya taifa ni dhaifu. Rio 2016 Ujerumani iliwafunga 10-0. Fuata soka ya Fiji kwa ajili ya ushabiki wa mitaani, usitegemee vikombe.

Nilichomjibu

Kama una mwaka mmoja tu wa hamu, au una watoto nyumbani unaotaka watazame pamoja nawe, au unataka kuiona Kenya uso kwa uso na Fiji, chukua saba na usisikilize mtu.

Kama unatafuta timu ya kuzeeka nayo, chukua kumi na tano, na uipitie kwa Drua. Mimi nimechagua hivyo. Sababu si ubora, maana kwa ubora saba inashinda. Ni kwamba pale Lautoka unamwona kijana wa miaka ishirini akianza nyumbani kwake, mbele ya mama yake, na msimu unaofuata bado yupo. Kwa miaka mingi Wafiji walinyimwa nafasi hiyo, na kila tiketi inayokatwa na kila anayewasha runinga anasaidia kidogo isiondoke.

Mdogo wangu amesema atajaribu. Nimemtumia mechi mbili aanze nazo: fainali ya Rio aitazame usiku, na ile ya Crusaders aiache mpaka Jumamosi alfajiri, na chai mkononi, bila kumwambia matokeo.